Karatasi ya faini kutoka katikati ya ziwa

Mjomba wangu alirudi kwenye mwalo wa wavuvi wa Kayenze, upande wa Mwanza wa Ziwa Victoria, amekaa kwenye mtumbwi wa mtu mwingine. Wa kwake ulikuwa unavutwa nyuma kwa kamba, mtupu, injini imeondolewa na nyavu hazimo. Mfukoni alikuwa na karatasi moja iliyolowa pembeni. Ilikuwa na muhuri, jina lake lililokosewa herufi moja, kiasi cha faini na tarehe. Askari wa doria wa nchi jirani walimwambia amevuka mpaka. Yeye anasema hakuvuka. Katikati ya maji hakuna nguzo wala jiwe la kuwaamua.

Nimeishika ile karatasi mara nyingi, na kila nikisoma habari za meli za doria zinazosukumana huko Bahari ya Kusini ya China huwa naikumbuka. Watu wanadhani mambo yale ni ya mataifa makubwa na hayatuhusu sisi wa sangara na dagaa. Yanatuhusu sana. Boti ya doria ikiwa kwenye maji yanayogombewa hufanya kazi 2 kwa mpigo mmoja. Inamkamata mtu, na papo hapo inaandika kwamba maji haya yana mwenyewe. Mvuvi huiona ile ya kwanza tu, kwa sababu ndiyo inayomfilisi. Ya pili inafanyika juu ya mgongo wake.

Kwa nini meli nyeupe

Swali la kwanza ambalo watu huniuliza ni hili: kama nchi inasema maji ni yake, kwa nini isipeleke manowari?

Kwa sababu manowari ni lugha ya vita. Meli ya jeshi ikimzuia mvuvi wa kigeni, nchi ya huyo mvuvi inaweza kusema imeshambuliwa, nayo ikaleta manowari yake. Meli ya polisi au ya walinzi wa pwani husema jambo jingine kabisa: hapa ni nyumbani, sisi tunasimamia sheria zetu tu, kama trafiki anavyosimamisha daladala. Rangi yenyewe imekuwa alama. Walinzi wa pwani wa Marekani walianza mwaka 1967 kuweka mstari wa mshazari kwenye ubavu wa meli zao, na leo nchi nyingi duniani zina meli nyeupe zenye mstari kama huo. Ujumbe wake unaeleweka hata kwa asiyejua kusoma.

Aprili 2012 Ufilipino ilijifunza jambo hili kwa gharama. Kwenye mwamba wa Scarborough, ulio katika Bahari ya Kusini ya China na unaodaiwa na Ufilipino na China, wavuvi wa Kichina walionekana ndani ya kidimbwi chake. Ufilipino ikapeleka meli ya jeshi lake la majini, BRP Gregorio del Pilar. Askari wakapanda kwenye mashua na kukuta makombe makubwa, matumbawe na papa. Kabla hawajakamata mtu, meli 2 za kiraia za ulinzi wa bahari za China zikaingia katikati, zikawakinga wavuvi wao. Machoni pa dunia sura ilikuwa mbaya kwa Manila: jeshi upande mmoja, na upande mwingine meli za kiraia. Baada ya siku chache Ufilipino iliiondoa manowari yake na kuweka meli ya walinzi wa pwani. Kinachonishangaza ni kwamba Gregorio del Pilar yenyewe ilikuwa zamani meli ya walinzi wa pwani wa Marekani, ikiitwa Hamilton. Ilinunuliwa ikapakwa kijivu. Chuma ni kilekile, ila rangi imebadilika, na pamoja na rangi ikabadilika maana ya kila ilichofanya.

Kufikia katikati ya mwaka ule meli za Ufilipino zilikuwa zimeondoka Scarborough. Za China zilibaki.

Tangu hapo mchezo umekua. Mwaka 2013 China iliunganisha vikosi vyake kadhaa vya bahari kuwa kikosi kimoja cha walinzi wa pwani, mwaka 2018 ikakiweka chini ya polisi wenye silaha wanaoamriwa na uongozi wa jeshi, na Februari 2021 ikaanza kutumia sheria inayokiruhusu kutumia silaha dhidi ya meli za kigeni kwenye maji inayoyadai. Meli yake namba 5901 ina tani zipatazo 12,000, kubwa kuliko manowari nyingi. Hizi nazo ni nyeupe. Zinarusha maji kwa mizinga, zinakata njia, zinagonga ubavu, na bado kwenye karatasi ni polisi. Agosti 2025, karibu na Scarborough hiyohiyo, meli ya walinzi wa pwani wa China iliyokuwa ikiifukuza meli ya Ufilipino iligongana na manowari ya China yenyewe. Ukiona manowari na meli ya polisi ziko kwenye ufukuzaji mmoja, ujue ule mpaka kati ya sheria na vita umeshakuwa mwembamba kama uzi wa wavu.

Kisu cha Aisilandi

Mfano ninaoupenda kuliko yote hautoki Asia. Aisilandi ni kisiwa cha watu wachache, kisicho na jeshi, kinachoishi kwa samaki. Mwaka 1958 kilisema maji yake yanafika maili 12 za baharini kutoka pwani, mwaka 1972 kikasema 50, na mwaka 1975 kikasema 200. Uingereza, ambayo wavuvi wake walizoea kuvua chewa huko, ilikataa na kupeleka manowari kuwalinda.

Walinzi wa pwani wa Aisilandi walikuwa na meli chache tu. Silaha yao kubwa ilikuwa kifaa chenye makali kilichovutwa nyuma ya meli chini ya maji. Meli ilipita nyuma ya mashua ya Kiingereza, kile kifaa kikakata nyaya zinazoshika wavu, na wavu pamoja na samaki wote ukazama. Mtu wa mwaloni hahitaji kuelezwa maana ya hasara hiyo. Nyavu zikienda, safari nzima imekwenda, na deni la mafuta linakusubiri nchi kavu.

Meli ziligongana mara nyingi. Mwezi Juni 1976 Uingereza ilikubali. Na mwaka 1982, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari ulipoandikwa, maili 200 zikawa haki ya kila nchi ya pwani, Tanzania ikiwemo.

Nasimulia hili kwa sababu lina pande 2. Nchi ndogo ilijilinda dhidi ya kubwa, na hilo ni jema. Lakini aliyekatiwa wavu alikuwa mvuvi, na serikali zilipokuja kuelewana mezani, wavu wake ulikuwa chini ya bahari.

Mayai ya kasa

Sasa tuje kwenye kiini, yaani ile kazi ya pili ya boti ya doria. Je, ni kweli kwamba kukamata watu na kuwaandikia karatasi kunaipa nchi umiliki?

Wakati mwingine ndiyo. Indonesia na Malaysia ziligombea visiwa 2 vidogo, Ligitan na Sipadan, na tarehe 17 Desemba 2002 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague ilitoa hukumu. Hapakuwa na mkataba wa zamani uliosema wazi visiwa ni vya nani, kwa hiyo majaji waliangalia nani alikuwa akivitawala kwa vitendo. Indonesia ilileta habari za doria za meli za kivita, za enzi ya Waholanzi na za kwake, na habari za wavuvi wake waliozoea kwenda huko. Malaysia ilileta mambo madogo: sheria ya mwaka 1917 ya ukoloni wa Kiingereza iliyosimamia ukusanyaji wa mayai ya kasa, hifadhi ya ndege, na minara ya taa iliyojengwa mwaka 1962 na 1963. Malaysia ilishinda kwa kura 16 dhidi ya 1.

Majaji walisema nini kuhusu zile meli? Kwamba kupita tu hakuonyeshi kuwa aliyepita aliona mahali pale ni pake. Na kuhusu wavuvi walisema jambo linaloniuma, ingawa kisheria nalielewa: shughuli za watu binafsi hazihesabiki kama hazifanyiki chini ya kanuni au mamlaka ya serikali. Babu yako anaweza kuvua mahali miaka 50, naye baba yako 30, na mahakamani hiyo si chochote. Lakini kibali kimoja cha kuokota mayai, chenye muhuri, ni ushahidi.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini boti za doria hupenda kuandika. Leseni, faini, risiti, ripoti ya ukaguzi, vyote vinakwenda kwenye faili.

Lakini kuna breki 2, na nadhani maofisa wengi wa doria hawajawahi kuelezwa habari zake. Ya kwanza ni tarehe. Mgogoro ukishalipuka, mahakama huchora mstari kwenye kalenda; yale unayoyafanya baada ya hapo ili kujiimarisha hayahesabiki, isipokuwa ni mwendelezo wa kawaida wa uliyokuwa ukiyafanya. Kwa Ligitan na Sipadan mwaka huo ulikuwa 1969. Kuongeza boti baada ya kelele kuanza ni sawa na kupanda migomba shambani usiku wa kuamkia kesi ya ardhi.

Breki ya pili ni hati. Palipo na hati halali ya mpaka, vitendo haviishindi hati. Na Afrika tuna hati. Mwaka 1964 huko Cairo, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana kuheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, na mwaka 1986 mahakama ya The Hague ililitumia wazo hilo kwenye kesi ya Burkina Faso na Mali. Hata Kenya, kwenye kesi ya bahari dhidi ya Somalia iliyoamuliwa Oktoba 2021, ilileta habari za doria zake kuonyesha kwamba Somalia ilikuwa imenyamaza na kukubali mstari. Mahakama haikushawishika.

Ziwa letu halimo

Victoria ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Karibu nusu ni ya Tanzania, Uganda inafuata, Kenya ina takriban asilimia 6. Watu wengi, hata wasomi, hujadili mipaka yake kwa kutumia Mkataba wa Sheria ya Bahari. Mkataba huo hauhusu maziwa. Kwenye ziwa hakuna maili 12, hakuna maili 200, hakuna bahari kuu ya wote. Maji yote yamegawanywa kama ardhi: ukitoka kwa huyu, umeingia kwa yule.

Hasara yake kwa mvuvi ni kubwa kuliko inavyoonekana. Baharini, ukikamatwa ukivua ndani ya zile maili 200 za nchi nyingine, mkataba unasema chombo na watu waachiwe haraka wakiweka dhamana, na wasifungwe jela kwa kosa la uvuvi kama nchi hizo hazijakubaliana hivyo. Meli inayofukuza lazima iache pale anayefukuzwa anapoingia maji ya kitaifa ya nchi yake. Mahakama ya Sheria ya Bahari ilisema mwaka 1999, kwenye kesi ya meli Saiga, kwamba nguvu iepukwe kadiri inavyowezekana, na ikibidi isizidi kiasi. Mvuvi wa Kayenze hana mkataba huo wa kuushika mkononi. Ana makubaliano ya nchi jirani, sheria za nchi iliyomkamata, na huruma ya aliye kwenye boti.

Mipaka yenyewe ilichorwa kwa rula. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba mstari wao ukate ziwa kwenye nyuzi 1 kusini ya Ikweta, na huo ndio mpaka wetu na Uganda hadi leo. (Mkataba huohuo ndio unaotugombanisha na Malawi kule Nyasa, lakini hiyo ni hadithi nyingine na ndefu.) Kutoka Mwanza mjini hadi mstari huo ni kama kilomita 165 kwenda kaskazini. Kati ya Kenya na Uganda, amri ya Kiingereza ya mwaka 1926 inaanza kwenye nyuzi hiyo ya 1 na kupanda kaskazini, ikigusa ncha ya magharibi ya kisiwa kimoja baada ya kingine: Pyramid, Ilemba, Kiringiti, Mageta.

Na jirani na Pyramid ndiko liliko jiwe linaloitwa Migingo.

Migingo ni mwamba wa karibu nusu ekari, umefunikwa na mabati hadi ukingoni mwa maji. Thamani yake iko kwenye sangara waliouzunguka, na siku hizi na mabondo yao, yaani vifuko vyao vya hewa, yanayouzwa hadi China. Mwaka 2004 polisi wa Uganda walipiga hema pale, wakaanza kuwatoza wavuvi. Mwaka 2009 ugomvi ulipopamba moto Kenya na Uganda zilituma wapimaji wa pamoja. Ukifuata ile amri ya 1926, kisiwa kiko upande wa Kenya, kama mita 510 mashariki ya mstari. Rais Museveni mwenyewe alisema mwezi Mei 2009, akiwa Dar es Salaam, kwamba kisiwa ni cha Kenya ila maji ya pembeni ni ya Uganda.

Mita 510. Mtu akitupa nyavu jioni kutoka kwenye mwamba ule, zikabebwa na mkondo usiku kucha, asubuhi anazivuta akiwa nchi nyingine. Hajafanya uhalifu wowote kwa nia yake. Lakini boti ya doria haikamati nia.

Hapa ndipo hema la Migingo linapofanana na zile meli nyeupe za Scarborough. Kisheria lile hema halibadilishi hati ya 1926. Kimaisha lilibadilisha kila kitu: nani analipwa ushuru, nani anapewa kibali, nani analala kwa hofu. Mgogoro unaweza kukaa miaka 20 mezani, na miaka yote hiyo mvuvi anaendelea kulipa kila wiki kwa yule aliye karibu naye mwenye bunduki.

Nani yuko majini

Mvuvi wetu akisikia mlio wa injini kubwa gizani, anatakiwa kujua kwanza ni nani anayekuja, na hilo si rahisi. Uganda ilipeleka jeshi ziwani mwaka 2017 kupambana na uvuvi haramu. Kenya iliunda kikosi cha walinzi wa pwani mwaka 2018, na kazi zake zinafika hadi ziwani. Meli yake moja kule Mombasa inaitwa kwa jina letu kabisa, Doria. Kwetu kazi imegawanyika: maofisa uvuvi wana doria yao, polisi wanamaji wana yao, TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, inaangalia usalama wa vyombo, na kwenye mialo kuna BMU, vikundi vya wavuvi wenyewe. Walioiona Operesheni Sangara ya mwaka 2018, ile ya kusaka uvuvi haramu, wanakumbuka moshi wa nyavu zilizochomwa.

Naunga mkono doria. Makokoro na timba, nyavu zilizopigwa marufuku, zinalimaliza ziwa, na sangara wa chini ya sentimita 50 anayeishia sokoni Kirumba ni mtoto aliyeuawa kabla hajazaa. Uporaji wa injini majini nao upo, na mvuvi aliyeporwa huitamani boti ya polisi kuliko kitu chochote. Ninachokipinga ni doria inayochanganya kazi zake: kulinda samaki na kulinda madai ya ardhi kwa faini moja. Ofisa anayemkamata mtu mwenye wavu haramu ana hoja popote alipo, maana timba ni haramu pande zote. Ofisa anayemkamata mtu mwenye wavu halali, leseni halali, kwa kosa la kuwa upande usiofaa wa mstari, ana kitu kimoja tu cha kuthibitisha, nacho ni mahali.

Kuna njia iliyowahi kupatikana karibu na kwetu. Eritrea na Yemen zilipigana mwaka 1995 kwa ajili ya visiwa vya Hanish katika Bahari ya Shamu, kisha zikaenda kwa wasuluhishi. Uamuzi wa mwaka 1998 uliipa Yemen visiwa vile vikubwa, lakini ukaamuru kwamba uvuvi wa jadi wa watu wa pande zote mbili uendelee kama zamani. Baraza lililotoa uamuzi kuhusu Bahari ya Kusini ya China mwaka 2016 lilisema jambo linalokaribiana na hilo: bila kuamua Scarborough ni ya nani, wavuvi wa Ufilipino na wa China wote wana haki yao ya jadi pale, na China ilikosea kuwazuia wenzake. Ina maana mpaka unaweza kukaa mahali pake na mvuvi naye akakaa mahali pake. Nchi 3 za ziwa hili zina shirika la pamoja la uvuvi lenye makao Jinja tangu miaka ya 1990. Meza ipo. Kazi ya kwanza ningeiweka pale ni ndogo mno: kila karatasi ya faini iandikwe nyuzi na dakika za mahali alipokamatwa mtu, mbele yake, kutoka kwenye kifaa cha boti na cha mvuvi kama anacho.

Dakika 1 ya latitudo ni kama mita 1,850. Simu ya kawaida yenye GPS inaisoma bila mtandao, na kosa lake ni mita chache. Kwa mpaka wetu na Uganda hesabu ni nyepesi kuliko zote: namba ya kusini ikiwa zaidi ya nyuzi 1, uko Tanzania, ikiwa pungufu, umevuka.

Ile karatasi ya mjomba ina muhuri, jina, kiasi na tarehe. Sehemu iliyoandikwa "mahali" kuna neno moja tu, kwa wino wa bluu uliosambaa: ziwani. Sasa kila anaposukuma mtumbwi anafunga simu ndani ya mifuko 2 ya nailoni, na kabla ya kutupa nyavu anapiga picha ya namba.